Mahali Palipotulia

Ilibaki sehemu moja tu ya kuchimba, na mtu mwenye akili timamu angeiacha mpaka kesho. Lakini Keekee hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Asubuhi alikuwa amekorofishana na mama mkwe kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, na alijua fika kwamba ugomvi ule ulikuwa unamngoja mlangoni, bado wa moto. Kwa hiyo alipoona kiza kinajikusanya chini ya miti, badala ya kugeuza, akaingia ndani zaidi.

Jina hilo la Keekee alipewa kazini. Keekee ni bomba la chuma lenye mpini wa kuzungusha, analotobolea ardhi na kuchotea udongo. Hayo ni maelezo yake mwenyewe. Mama mkwe alikuwa na maelezo mengine. Yeye alisema jina limetokana na mdomo, kwani mwanamke yule akianza kubisha haachi mpaka atokeze upande wa pili.

Kazi yake ilikuwa kukusanya udongo wa msitu na kuupeleka maabara, ambako mkuu wake, mama mmoja mkali waliyemwita Daktari, aliuchunguza kujua ni kuvu gani zinaishi humo. Watu wengi wanaijua kuvu ya mkate uliolala, na uyoga unaochomoza baada ya mvua. Hawajui kwamba uyoga ni tunda tu. Mwenye tunda yuko chini, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa kutoka mzizi wa mti huu hadi mzizi wa mti ule, zikileta maji na kudai sukari. Kijiko kimoja cha udongo wa msitu mkongwe kina aina nyingi za kuvu kuliko watu wa mtaa mzima, na kila moja ina tabia zake.

Kazi hiyo ina mwiko mmoja. Ukishachota udongo mahali, kabla hujahamia pengine, unaifuta keekee kwa spiriti halafu unaibabua kwa moto. Chembe moja ya huku ikifika kule, umeharibu kazi. Keekee aliushika mwiko huo kuliko alivyoshika mambo mengi ya maana.

Jioni ile, keekee ikiwa imeshasafishwa, alifungua chupa ya spiriti aone kama imebaki ya mara ya mwisho, akaikuta kavu. Kifuniko hakikukazwa, yote ilikuwa imepaa hewani.

"Aa, kwani hii si ya mwisho?" alijiambia. "Nitaisafisha nyumbani."

Akaendelea kutembea. Nyenje walikuwa wanalia kwa fujo, ndege wanagombea matawi ya kulalia, majani yanachakarika chini ya miguu yake. Msitu jioni una kelele kama soko linalofungwa.

Kisha kelele zikakatika.

Hazikufifia. Zilikatika, kana kwamba mtu amefunga mlango nyuma yake. Keekee akasimama. Mbele yake kulikuwa na miti mikubwa, yote ya umbo moja, na chini yake majani makavu yametandazwa sawasawa, bila kichaka, bila mche hata mmoja. Hakuna mdudu. Hakuna upepo. Palikuwa na harufu tu... harufu ya stoo iliyofungwa muda mrefu, na kwa mbali, harufu ya maziwa.

Angepaswa kuogopa. Badala yake alihisi mabega yake yanashuka. Lo, utulivu ulioje! Akapiga magoti, akachomeka chuma ardhini, akazungusha. Kiliingia bila ubishi wowote.

"Umechoka," sauti ikasema.

Alikuwa mwanamume, ameketi kwenye shina la mti wa karibu. Shati lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mikono juu ya mapaja. Anatabasamu, si sana, kiasi cha adabu tu. Keekee alidhani ni mtu wa kuokota kuni aliyekaa kupumzika.

"Habari za hapa?" alimsalimu.

"Nzuri. Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Kazi."

"Si kazi," mwanamume akasema polepole. "Ni nyumbani. Nyumbani kuna makelele."

Keekee alicheka kidogo, kicheko cha pembeni. "Kuna nyumba isiyo na makelele?"

"Ungependa patulie?"

"Nani asiyependa?"

Lilikuwa jibu la mdomoni tu, kama mtu anavyosema akiulizwa kama angependa kuwa tajiri. Lakini mwanamume aliitikia kwa kichwa, kama muuza duka aliyepokea agizo la mteja.

Keekee akamimina udongo kwenye mfuko, akaufunga, akapangusa chuma kwa pindo la nguo yake. Alipoinua macho kuaga, yule mtu alikuwa bado anatabasamu vile vile. Alikuwa hajapepesa. Keekee akaondoka, na mwendo wake ukazidi kuongezeka bila yeye kuuamuru, mpaka nyenje wakaanza kulia tena.

Hapo ndipo lilipomjia. Alipokuwa amepiga magoti pale, aliona kamba nyeupe za viatu vya yule mtu zimelegea, zimeingia kwenye majani. Alitaka hata kumwambia azifunge asije akajikwaa.

Yule mtu hakuwa na viatu.

Getini alimkuta askari wa msitu, kijana mwoga mwenye mswaki wa mti mdomoni saa zote, anafunga mnyororo.

"Umechelewa, dada. Ulikuwa upande gani?"

"Kule kwenye miti mikubwa. Palipotulia."

Askari akautoa mswaki mdomoni. "Umeongea na mtu?"

Keekee alikuwa mtu mzima, mwenye cheti na mwenye kazi, na aliona haya kumwambia mlinda geti kwamba amekimbizwa na miguu ya mtu. "Hapana," alisema. Laiti angesema kweli! Lakini aibu imewaponza wengi kuliko woga.

Nyumbani aliioshea keekee bombani, uani. Maji yale, pamoja na kila kilichokuwemo, yalitiririka kwenye kijifereji kama siku zote, yakaingia kwenye tuta la mboga la mama mkwe.

"Wenzio wanaleta sukari nyumbani," mama mkwe akasema kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Wewe unaniletea matope."

"Matope haya ndiyo yanayonunua hiyo sukari, mama."

"Nani aliomba sukari yako? Kabla hujaja hapa tulikuwa tunakunywa chai chungu?"

"Nasikia mlikuwa mnakunywa maji ya moto."

Mumewe alikuwa barazani na bisibisi yake, amezungukwa na redio za watu. Alikuwa fundi redio, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Naye hakuwa nyuma kwa ubishi, maana alibishana hata na watangazaji, akawauliza maswali na kuwakatiza kana kwamba wanamsikia. "Endeleeni," alisema bila kuinua kichwa. "Siku mkinyamaza nitajua nimekufa."

Mama mkwe akachuma mboga zake, akapika. Zilipotengwa mezani, akasema zimepikwa na mtu anayejua kupika, siyo watu wa kuchemsha udongo. Keekee akasukuma sahani.

"Mboga zako kuleni wenyewe. Sizili tena mpaka uniombe radhi."

"Basi utakufa na njaa, mwanangu, maana mimi radhi naomba kwa Mungu tu."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa. Keekee akala mkate mkavu, na kesho yake akala tena, na akaendelea hivyo, kwa kiburi tu. Hakujua kwamba kiburi kile ndicho kilichokuwa kinamlinda.

Mwanzoni alidhani ameshinda. Mama mkwe aliamka akamsalimu yeye kwanza, akamwachia kamba yote ya nguo. Hakuguna kuhusu matope. Hakuguna kuhusu chochote. Fundi naye alizima redio, akasema kichwa kinapumzika. Nyumba ikawa kimya. Keekee alilala usingizi mzito, akaamka ana nguvu, akawaambia wenzake wa kazini kwamba dunia imebadilika, mama mkwe amegeuka malaika. Alifurahi kweli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba alifurahi.

Kisha akaanza kuona vitu vidogo.

Mama na mwana walimega mkate kwa wakati mmoja. Walitafuna pamoja, wakameza pamoja. Redio za wateja zilibaki zimefunguliwa matumbo, bisibisi ikaanza kushika kutu. Jioni walikwenda wote wawili nyuma ya nyumba, wakaketi kwenye benchi bega kwa bega, wakaangalia upande wa msitu mpaka giza likawafunika. Hawakuzungumza. Ndani ya nyumba kukawa na harufu. Keekee alifagia, akapiga deki, akaanika magodoro. Harufu haikutoka. Stoo iliyofungwa... na maziwa.

Akaamua kuwachokoza. Timu ya Fundi ilipofungwa, alimcheka usoni, jambo ambalo zamani lingemnyima usingizi. "Ni sawa," Fundi akasema. Akamtilia mama mkwe chumvi kwenye chai, vijiko vya kutosha kutapisha. Mama mkwe akanywa yote, akaweka kikombe chini.

"Ilikuwa tamu, mama?"

"Ilikuwa sawa, mwanangu."

Keekee akapiga magoti mbele yake. "Mama, nimekutilia chumvi. Mimi. Kwa makusudi. Nitukane basi!"

Mama mkwe akamshika shavu kwa upole. Mkono ulikuwa baridi na una unyevu. "Nikutukane kwa nini?"

Alipofungua mdomo kusema hayo, Keekee aliuona ulimi.

Ulikuwa mweupe. Si utando wa homa. Ulikuwa na manyoya mafupi, membamba, na yote yamelala upande mmoja.

Keekee akatoka uani, akalia kama mtoto. Alimlilia yule mama mkorofi aliyemtesa tangu siku ya harusi, na akagundua kwamba anampenda, na kwamba matusi yake yote yalikuwa ni namna ya kumwambia nakuona, upo, wewe ni mtu wa nyumba hii. Alipofuta machozi, macho yakaangukia kwenye tuta la mboga. Hakukuwa na siafu. Hakukuwa na jani lililotobolewa na mdudu. Katikati ya mashina udongo ulikuwa umefunikwa na utando mweupe, laini, umefuata njia ya maji kutoka bombani.

Alichota udongo ule, akapanda baiskeli, akaenda nao maabara.

Daktari alikuwa anamngoja na hasira zake. Akamgeuzia kompyuta. "Hebu nieleze hiki. Angalia, hizi ni sehemu zako nyingine. Kila rangi ni aina moja ya kuvu." Picha zilikuwa na rangi chungu nzima, zimebanana kama nguo za mtumba. "Na hii ni ile ya mwisho."

Ilikuwa na rangi moja. Nyeupe.

"Umeiharibu vipi?"

"Sikuiharibu," Keekee akasema. "Ndivyo palivyo."

"Haiwezekani. Msitu wote ni ugomvi, hujui? Kuvu hii inamnyang'anya yule, yule anamtilia huyu sumu, huyu anaingia ubia na mti kumkomoa mwenzake. Ndiyo maana miti inasimama. Hakuna anayeshinda." Daktari akagonga kioo kwa ukucha. "Mahali pakitulia hivi, ujue kuna mmoja ameshinda."

Keekee akaweka mfuko wa udongo wa nyumbani mezani. Akaeleza yote, spiriti, bomba, mboga, ulimi. Alitegemea kuchekwa. Daktari aliufungua mfuko, akaunusa, akaufunga haraka, akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu.

"Mpigie askari wa msitu," alisema akiwa bado amempa mgongo. "Yule wa kabla yake aliwahi kutaka kuniambia jambo. Nilimwambia sina muda wa hadithi."

Askari alipopokea simu hakushangaa. Alinong'ona, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake.

"Palikuwa na kijiji pale, dada. Niliambiwa na mwenzangu aliyenipokeza kazi. Watu wa kugombana. Mipaka, visima, wake, kila kitu. Walipochoka wakamwita mganga, wakamwambia tuletee amani. Akawauliza, amani ya namna gani? Wakasema, ya namna yoyote."

"Halafu?"

"Akawapa. Ikawa hakuna anayembishia mwenzake. Jioni moja wakatoka wote, wakaacha vyungu jikoni, wakaenda kuketi chini ya miti. Hawakuinuka."

"Na mganga?"

"Wengine wanasema alikuwa wa kwanza kuketi. Sijui... Mimi sijui."

"Dawa yake ni nini?"

"Sijasikia dawa. Nilisikia tu kwamba kile kitu hakipendi kuchanganywa."

Keekee aliangalia friji la maabara. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya udongo wa sehemu zote alizowahi kuchimba, kila mfuko umefungwa peke yake, kila mmoja ameulinda usichanganyike na wenzake kwa spiriti na moto. Udongo wa bondeni na wa mlimani, wa chini ya miti michanga na wa chini ya magogo yaliyooza. Miaka ya kazi. Akachukua beseni, akaanza kufungua mifuko na kuimwaga pamoja, analia huku anamwaga. Kwa mtu wa kazi ile, hiyo ilikuwa sawa na mhunzi kuyeyusha nyundo zake.

Daktari alimwangalia. Mtu ambaye aliwahi kumfukuza kazi kijana kwa kosa la kijiko kichafu. Kisha naye akaja, akafungua droo ya chini, akamimina ya kwake.

Keekee aliifunga beseni nyuma ya baiskeli, akakanyaga mpaka kifua kikawaka. Jua lilikuwa bado lipo alipofika. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini, peku, gauni lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

"Afadhali umekuja," alisema kwa sauti tamu. "Mwenzio ametangulia. Mimi nimebaki nikungoje, tufuatane."

Keekee akageuka. Mbali, mwisho wa barabara ya vumbi, Fundi alikuwa anatembea. Hakuwa na haraka. Alikuwa anaelekea msituni kama mtu aliyetumwa dukani.

"Fundi!" Keekee alipiga kelele. "Fundi! Rudi!"

Hakugeuka.

Akaishika beseni amkimbilie, na hapo mama mkwe akamshika kifundo cha mkono. Mzee yule aliyekuwa akilalamika kwamba hawezi kuinua ndoo! Alimshika mpaka mifupa ikalia. Na bado anatabasamu.

"Twende wote, mwanangu. Taratibu."

Keekee alivuta. Akavuta tena. Fundi alikuwa anazidi kuwa mdogo barabarani. Akamwangalia mume wake, akamwangalia mama mkwe, na akajua kwamba hakuna njia ya kumfikia yule bila kupita kwa huyu. Akachota udongo kwa mkono uliobaki, akaujaza mdomoni mwa mama mkwe.

Mzee hakupigana. Alisimama tu, mdomo umejaa, macho yametulia. Keekee akamsugua ulimi, akampaka usoni, akamtumbukiza mkono mzima kwenye beseni, huku anamtukana. Alimtukana matusi yote aliyowahi kuyameza mezani, ya chumvi, ya kamba, ya harusi.

Kidole kimoja kikalegea. Kikafuata cha pili.

Mama mkwe akakohoa. Akatema. Akainama akatapika kitu cheupe, kirefu, kama sufi iliyoloana, kikajikunja vumbini kisha kikatulia. Akainua uso uliojaa matope.

"Wewe mwanamke una wazimu?" alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Unanilisha udongo mbele ya majirani?"

Keekee alimkumbatia. Haijawahi kutokea mtu kutukanwa akafurahi namna ile. Lakini alipogeuza kichwa, barabara ilikuwa tupu.

Alimkuta askari getini, wakakimbia pamoja, beseni ikiwa na kiganja kimoja tu cha udongo, maana mwingine wote ulikuwa umemwagika kizingitini. Nyenje walikuwa wanalia. Kisha kelele zao zikakatika.

Safari hii hakuwa mtu mmoja.

Walikuwa wameketi chini ya kila mti, migongo kwenye mashina, wanaume na wanawake na wadogo pia, mikono juu ya mapaja, nyuso zote zimeelekea upande mmoja. Upande wake. Wengine walikuwa wamebakia umbo tu, majani na utando. Wa karibu zaidi alikuwa amevaa shati alilolipiga pasi Keekee mwenyewe.

"Fundi."

Nyuzi nyeupe zilikuwa zimeshatoka kwenye majani, zimeupanda mguu wake mpaka kwenye goti. Keekee akamwangukia, akampaka usoni ule udongo uliobaki. Akamtukana. Akamwambia timu yake haina mbele wala nyuma, na kwamba hajawahi kutengeneza redio ikadumu.

Fundi akapepesa.

"Muongo," alinong'ona. Ilikuwa sauti yake, yake kabisa, na ilikuwa na maumivu. "Ile ya mwalimu... imedumu..."

Midomo yake ikatikisika, ikitafuta neno jingine. Keekee akakwangua beseni kwa kucha. Hapakuwa na kitu.

Uso wa Fundi ukalainika.

"Umechoka," akamwambia.

Na chini ya miti yote, kwa mnong'ono mmoja, wengine wakasema vile vile. Askari alimvuta Keekee kwa kiuno na kumburuta mpaka nje, na mpaka leo askari huyo hasemi alichokiona alipogeuka nyuma.

Asubuhi watu walikwenda na majembe na mapanga. Walikuta miti mikubwa na majani makavu. Chini ya majani palikuwa na kitu cheupe, kimetanda kutoka mzizi hadi mzizi bila pengo. Hapakuwa na mtu. Polisi walisema amepotea. Daktari alitaka kujua kwa nini udongo uliomponya mama haukutosha kumponya mwana, kama ni wingi wake, au kuchelewa, au mahali, na hakupata jibu.

Keekee aling'oa tuta lote la mboga, akalichoma. Alimlilia mume wake. Mama mkwe hakulia. Alizunguka nyumba, akagusa redio zile moja moja, akasogeza vikombe na kuvirudisha. Alimkwepa Keekee kwa macho. Kuna jambo lilikuwa limemkaa kifuani, na Keekee alilijua, na alikuwa analingoja.

Lilikuja jioni moja, wakiwa jikoni, Keekee anaosha vyombo.

"Ulikuwa na beseni nzima," mama mkwe akasema.

Keekee akaendelea kusugua sahani.

"Mimi nimekula chumvi nyingi. Leo nipo, kesho sipo. Ungenipita. Ungenipiga teke ukamkimbilia mwanangu. Ungeanza na yeye!"

Jibu lilikuwepo. Ulikuwa umenishika mkono, mama. Alama za vidole vyako bado zipo, hizi hapa. Lilikuwa jibu la haki, na mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, kidevu juu, akilingoja. Alikuwa analihitaji. Mzee yule hakujua njia ya kufikia machozi isipokuwa kupitia kwenye ugomvi.

"Ni sawa, mama," Keekee akasema.

Ilitoka laini. Sahani ikamponyoka mkononi, ikazama majini.

Mama mkwe akashusha mikono. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akawa anautazama mdomo wa Keekee.

"Usinifanyie hivyo," alinong'ona. "Nibishie."

Keekee alitafuta. Aliutafuta uchungu wa mume wake, ule aliolala nao na kuamka nao, akakuta mahali pake hapana kitu. Pengine ni majonzi tu. Majonzi nayo hummaliza mtu nguvu mpaka akakosa hata la kusema, kila aliyefiwa analijua hilo. Pengine.

"Nibishie, mwanangu. Nakuomba."

Na alipoona hajibiwi, mama mkwe akaja mbio, akamzaba kofi, akamshika mabega kwa nguvu zote. Keekee alilisikia kofi likitua. Hakujitetea. Wakasimama pale jikoni, uso kwa uso, wote wawili wakingoja hasira ya Keekee ije.